Msomaji na Mwamini: Habari za Dini katika Usukuma na Nchi za Ziwa

Katika lugha yetu ya Kiswahili kuna maneno mawili ambayo watu wengi huyatumia kana kwamba ni neno moja, nayo ni kujua na kuamini. Husemwa juu ya mtu, "Fulani ni mtu wa dini sana." Ukiuliza kwa nini, waambiwa, "Aijua Biblia yake barabara." Katika mazungumzo haya twataka kuyatenga maneno hayo mawili, si kwa ubishi, bali kwa kufuata habari za mambo yaliyotokea kweli, tangu siku zile Injili ilipofika kando ya Ziwa Victoria hata zamani zetu hizi, katika nchi ya Bariadi na mkoa wa Simiyu. Maana mambo yaliyopita ni mwalimu mzuri. Hana haraka, wala hampendelei mtu.

Na tuanze na mfano ambao kila mfugaji ataufahamu. Tajiri wa Kisukuma mwenye ng'ombe wengi hapendi kuwaweka wote katika zizi lake moja. Ugonjwa ukiingia, au wezi wakija usiku, atakuwa maskini kwa siku moja. Kwa hiyo huwagawa, na wengine huwapeleka kwa rafiki wa kijiji kingine ili awachunge, na yule rafiki hunywa maziwa yao. Basi tajiri huyo aweza kujua habari za watu 20: huyu ni mpole, yule ni mkweli, na yule mwingine hajasikiwa kudhulumu mtu. Hayo yote ni kujua. Lakini siku anapoliacha kundi lake katika zizi la mmoja wao, akarudi nyumbani mikono mitupu, akalala usingizi, siku hiyo amemwamini. Lugha yenyewe yatufundisha jambo hili, kwa kuwa kuamini, na amana, na mwaminifu, ni maneno ya nyumba moja. Kuamini ni kuweka amana. Mtu aweza kujua mengi asiweke kitu; na mwingine aweza kujua machache, akaweka maisha yake yote.

Sasa na tuone jinsi dini ya Kikristo ilivyofika Usukuma. Misioni za kwanza za nchi ile hazikutoka pwani moja kwa moja, bali historia yake imefungwa pamoja na historia ya Buganda. Mwaka 1875 msafiri Stanley alipeleka barua Uingereza kueleza ya kwamba Kabaka Mutesa wa Buganda ataka walimu. Watu wa Church Missionary Society wakaja, wakapita Usukuma, na wa kwanza wao wakafika kwa Mutesa tarehe 30 Juni 1877. Mwaka 1879 wakafika pia mapadre Wakatoliki, ambao watu huwaita Mapadre Weupe. Lakini mambo ya Buganda yalikuwa na misukosuko. Mwaka 1882 mapadre waliondoka huko wakavuka ziwa, na mwaka 1883 wakajenga Bukumbi, upande wa kusini wa ziwa, katika nchi ya Usukuma. Naye Alexander Mackay, fundi na mwalimu mashuhuri wa Waingereza, alilazimishwa kutoka Buganda mwaka 1887, akakaa Usambiro, kusini ya ziwa vilevile, hata akafa huko Februari 1890. Karibu na wakati huo Waingereza wakafungua misioni nyingine Nassa, kando ya Ghuba ya Speke. Nassa hiyo leo imo katika wilaya ya Busega, mkoa wa Simiyu. Hivyo, atakaye kufahamu imani ya Simiyu ilivyoanza, hana budi kwanza kutazama ng'ambo ya ziwa.

Huko Buganda Mkristo hakuitwa Mkristo. Aliitwa msomaji. Waganda walisema "kusoma," wakawa na maana ya kufuata dini, kwa sababu walimu walimpa kila ajaye kitabu cha herufi na maneno ya Injili kwa pamoja. Mackay alikuwa na mashine ya kupiga chapa, na vijana wa ikulu walikuja kwake usiku kusoma. Neno hilo lilikuwa zuri, nalo laonyesha jinsi watu wale walivyoiheshimu elimu. Hata hivyo lilikuwa na hatari ndani yake. Kama kusoma ndiko kuamini, basi yeye asomaye zaidi ndiye aaminiye zaidi. Je, ni kweli? Miaka iliyofuata ililijibu swali hilo.

Tarehe 31 Januari 1885 Kabaka Mwanga, mwana wa Mutesa, aliamuru vijana watatu wa misioni ya Waingereza wauawe. Majina yao ni Makko Kakumba, Nuwa Serwanga na Yusufu Lugalama. Waliuawa kwa moto mahali paitwapo Busega. Msomaji wa Simiyu ataliona jina hilo akashangaa. Lakini hiyo ni Busega ya Buganda, karibu na Kampala, si Busega yetu. Vijana wale hawakuwa wanavyuoni. Lugalama alikuwa bado mtoto. Kama ungaliwapa mtihani wa dini uliowekwa katika shule zetu za leo, labda mwanafunzi wa Bariadi wa darasa la saba angaliwashinda kwa majibu. Lakini mtihani waliopewa haukuwa wa kalamu.

Mwaka uliofuata, tarehe 3 Juni 1886, wengine wengi walichomwa Namugongo, Wakatoliki na Waprotestanti pamoja. Hapa kuna jambo la kuangaliwa sana. Kardinali Lavigerie, mwanzilishi wa Mapadre Weupe, aliweka kanuni ya kwamba mtu asibatizwe mpaka amefundishwa na kujaribiwa miaka minne. Kanuni hiyo ilikuwa na hekima, maana hakutaka Wakristo wa jina tu. Lakini miongoni mwa waliokufa walikuwamo vijana ambao hawakuimaliza miaka hiyo. Kizito, kijana wa miaka 14 hivi, alibatizwa na mwenzake mkubwa, Karoli Lwanga, katika saa za mwisho kabla ya kukamatwa. Na tangu mwaka 1882 mpaka mwaka 1885 mapadre hawakuwako Buganda kabisa, walikuwa kusini ya ziwa. Wasomaji walibaki peke yao wakafundishana wenyewe kwa wenyewe kwa yale machache waliyoyajua. Waliporudi, mapadre waliwakuta si wachache kuliko walivyowaacha, bali wengi zaidi. Mapadre walikuwa wameondoka na elimu yao, lakini imani haikuondoka.

Na tuongeze kisa kimoja ambacho kilitokea upande wetu wa ziwa. Mwaka 1888 Mwanga yule yule alipinduliwa katika kiti chake. Alikimbia kwa mtumbwi mpaka Magu, katika Usukuma, akakaa huko kwa shida mikononi mwa Waarabu. Mwisho alikimbilia Bukumbi, kwa mapadre. Fikirini, ndugu wasomaji! Mtu huyu aliwachoma moto watoto wa kiroho wa mapadre wale, kisha anapiga hodi mlangoni kwao, hana askari wala chakula. Kusamehe adui ni fundisho ambalo kila mtoto wa shule ya Jumapili aweza kulitaja. Kulitaja ni rahisi, maana adui hayupo. Siku ile Bukumbi adui alikuwapo, amesimama mlangoni. Mapadre wakampokea.

Lakini tusidhani kwamba mambo ya Buganda yalikuwa ya utukufu siku zote. Mara mateso yalipokoma, wasomaji wale wale wakawa wakubwa wa nchi, wenye bunduki na mashamba. Wakagawanyika vyama viwili. Waprotestanti wakaitwa Waingleza, na Wakatoliki wakaitwa Wafransa. Tarehe 24 Januari 1892 walipigana vita juu ya vilima vya Mengo, Wakristo kwa Wakristo. Pande zote mbili walikuwa wamejifunza amri ya kumpenda jirani. Hapakuwa na upungufu wa maarifa siku ile. Toka moto wa Namugongo hata bunduki za Mengo haikupita miaka sita kamili, na elimu ya dini katika miaka hiyo haikupungua, bali iliongezeka. Basi kilichopungua si kujua.

Habari hiyo iliendelea hivyo katika kizazi kilichofuata. Baada ya mwaka 1900 kanisa la Uganda lilikua, likajaa shule, wachungaji, na majengo makubwa. Kubatizwa kukawa desturi ya mtu mwenye heshima. Mtoto alizaliwa, akabatizwa, akaenda shule, akapata kazi, akaoa wake wawili au watatu kwa siri, akazikwa kanisani. Hata watu wakaanza kuona ukavu. Septemba 1929 Simeoni Nsibambi, mtu wa Kampala aliyekuwa na elimu na kazi nzuri, alikutana Namirembe na daktari Mwingereza, Joe Church, aliyekuwa akifanya kazi katika hospitali ya Gahini, nchi ya Rwanda. Wote wawili walikuwa watu wa kanisa tangu zamani, nao waliijua Biblia. Walisoma pamoja na kuomba, kila mmoja akisema waziwazi ya kwamba ana haja ya jambo ambalo kujua hakukumpa. Kutoka hapo, na kutoka Gahini katika miaka ya 1930, ukaanza Uamsho wa Afrika ya Mashariki.

Watu wa uamsho huo waliitwa Balokole, maana yake waliookoka. Jambo lililowashangaza majirani halikuwa mahubiri yao, maana mahubiri yalikuwako tangu mwanzo. Lilikuwa hili: mtu alirudisha ng'ombe aliyemwiba. Karani alirudisha fedha za ofisi. Mume aliungama mbele ya mke wake. Mhutu na Mtutsi, Mwafrika na Mzungu, waliombana radhi mbele ya watu. Blasio Kigozi, ndugu yake Nsibambi na mwalimu wa Gahini, alikuwa akijitayarisha kusema na wakubwa wa kanisa la Uganda juu ya ubaridi wao, na juu ya watu walioshiriki meza ya Bwana huku wakiendelea katika dhambi iliyojulikana. Akashikwa na homa akafa Januari 1936. Ujumbe wake ukafika barazani bila yeye.

Ugomvi ulitokea, tena ulitokea mahali ambapo hukutazamia. Mwaka 1941 wanafunzi 26 walifukuzwa katika chuo cha wachungaji cha Mukono, pamoja nao William Nagenda, aliyekuwa mmoja wa viongozi wa uamsho. Hao walikuwa vijana waliokuwa wakisomea kazi ya kanisa. Walitaka kuomba alfajiri na kuwahubiri wenzao, hata waalimu. Wakubwa wa chuo wakaona ni kuvunja utaratibu. Hatutaki kuhukumu shauri hilo kwa upande mmoja tu. Mkubwa wa chuo ana wajibu wa kulinda amani, na vijana wenye bidii mara nyingi huwa na ulimi mkali. Baadhi ya Balokole walijiona safi kuliko wengine wote, na kiburi cha namna hiyo ni ugonjwa mpya katika nguo nyeupe. Lakini twaona ya kuwa hata nyumba ile iliyojengwa ili kufundisha dini haikuwa salama na swali letu. Swali liliingia darasani likaketi katika kiti cha mbele.

Uamsho uliingia Tanganyika kwa upande wa magharibi, katika nchi za Bugufi na Bukoba, ukaenea. Mmoja wa watu walioupeleka mbele alikuwa Festo Kivengere, aliyezaliwa Kigezi mwaka 1919. Habari zake zafaa sana, kwa sababu alikuwa mwalimu. Alibatizwa, alisoma shule za misioni, aliweza kufundisha. Na wakati huohuo, kama alivyosimulia mwenyewe baadaye, alikuwa ameiacha imani moyoni mwake. Alipogeuka, maarifa yake hayakubadilika hata kidogo. Alijua yale yale aliyoyajua jana. Kilichobadilika ni kwamba aliondoka kwenda kwa watu aliowakosea na aliowachukia, akatengeneza nao. Katika miaka ya 1940 alikuja kufundisha Dodoma, akakaa Tanganyika miaka mingi. Mwisho akawa askofu wa Kigezi, na mwaka 1977 akaikimbia serikali ya Idi Amin.

Sasa turudi Usukuma. Nassa haikubaki mikononi mwa Church Missionary Society. Mwaka 1909 ilikabidhiwa Africa Inland Mission, chama kilichoanzishwa mwaka 1895 na Peter Cameron Scott, ambacho kazi yake ya kwanza ilikuwa katika nchi ya Ukamba, Kenya. Emil Sywulka alikuwa mmoja wa wamisionari wake wa mwanzo Nassa. Chama hicho kilifungua pia hospitali ya Kola Ndoto, karibu na Shinyanga. Kutokana na kazi hiyo likatoka kanisa ambalo leo laitwa Africa Inland Church Tanzania. Agano Jipya lilipigwa chapa kwa Kisukuma mwaka 1925, na Biblia nzima mwaka 1960. Hivyo Msukuma wa Ntuzu, nchi ya Bariadi, au wa Itilima, au wa Kanadi, aliweza kusomewa Neno katika lugha aliyonyonyeshwa nayo, asiweze tena kusema, "Hayo ni mambo ya wageni, siyafahamu."

Lakini shule nazo zilileta jambo lingine. Katika miaka ya 1920 Serikali ya Waingereza ilianza kuzisaidia kwa fedha shule za misioni zilizofikia kipimo chake. Watu wakaona kwamba shule yafungua mlango wa ukarani, ualimu, na kazi za pamba. Mzazi mwenye akili alimpeleka mwanawe shule, na shule ilikuwa ya misioni. Hivyo mtoto alijifunza amri kumi pamoja na hesabu, na majina ya manabii pamoja na majina ya mito. Hatumlaumu mzazi huyo. Lakini jambo likatokea: dini ikawa moja ya masomo. Na somo lina tabia yake: lina mwalimu, lina mtihani, lina alama, nalo lina mwisho. Mwanafunzi akiisha kufaulu, hufunga daftari. Hata leo, katika shule zetu za sekondari, kijana aweza kufanya mtihani wa Maarifa ya Biblia akapata alama za juu, naye si mwamini. Wala hajadanganya mtu, kwa kuwa mtihani haukumwuliza anamtumaini nani.

Zaidi ya hayo, wengi wakahesabu kuamini kuwa ni kuacha mambo fulani yaonekanayo kwa macho. Usukuma ni nchi ya ngoma. Baada ya mavuno, Bagika na Bagalu, vyama viwili vya wachezaji vyenye sifa tangu zamani, hushindana mbele ya watu wengi, na kila upande husemwa kuwa na dawa zake za kuvuta watazamaji. Misioni ilikataza ngoma hizo, na pombe vilevile. Kwa hiyo mtu aliyeacha ngoma na pombe alihesabiwa ameongoka. Labda ameongoka kweli. Lakini mtu aweza kuacha ngoma kwa sababu amezeeka, na pombe kwa sababu ya ini lake.

Basi mtihani wa kweli u wapi? Katika nyumba ya Msukuma, u katika usiku ambao mtoto anaugua. Dawa ya hospitali imeshindwa au iko mbali. Wazee wanasema kwamba masamva, yaani mizimu ya ukoo, wamekasirika. Shangazi anasema kwamba kuna mkono wa mtu. Anatajwa nfumu, yaani mpiga ramli, wa kijiji cha pili. Hapo ndipo mtu anapoweka amana yake ijulikane. Mwaka ambao mvua haikunyesha nao ulikuwa mtihani. Zamani mtemi na watu wa dawa za mvua ndio walioendewa, nao watu waliotoka kanisani asubuhi wakapeleka sadaka kule jioni. Hawakuona kwamba ni kosa kubwa. Mahali pamoja walikuwa na maarifa, na mahali pengine walikuwa na tumaini.

Mambo hayo si ya mzaha, maana yamemwaga damu. Kati ya mwaka 1970 na 1984 watu zaidi ya 3,600 waliuawa nchini Tanzania kwa kushukiwa uchawi, wengi wao wanawake, na sehemu kubwa ya mauaji hayo ilitokea Usukuma. Bibi mzee aliyekuwa na macho mekundu alisemwa kuwa ni mchawi. Kumbe macho yake yaliharibiwa na moshi, kwa kupika miaka mingi kwa samadi ya ng'ombe mahali ambapo kuni zimekwisha. Mtoto alikufa, ramli ikapigwa, jina likatajwa, na usiku watu wakaja na mapanga. Sheria ya kukataza kumshtaki mtu uchawi ilikuwako tangu mwaka 1928. Shule zilikuwako. Makanisa yalikuwako, na kengele zililia kila Jumapili. Hatusemi kwamba waliofanya hayo walikuwa watu wa kanisa. Lakini hapana shaka kwamba katika vijiji vingi kati ya vile walikuwako watu waliojua kwa moyo amri ya kutoua, nao walisikia jina la yule bibi likinong'onwa siku nyingi kabla ya usiku ule, wakanyamaza.

Hata leo kijiji cha Gamboshi, katika nchi ya Bariadi, chavumishwa Tanzania nzima kwa hadithi za uchawi, na wanaozieneza hadithi hizo ni pamoja na watu wenye vyeti na wenye Biblia. Watu wa Gamboshi ni wakulima na wafugaji kama wengine. Hofu haikai Gamboshi. Inakaa ndani ya msimuliaji. Na hofu ni jambo ambalo maarifa peke yake hayajui kulitoa. Twaweza kumwambia mtu mara 100 kwamba Mungu ni mkubwa kuliko uchawi. Naye ataitikia, "Ndiyo," kisha atafunga hirizi chini ya shati.

Hapa labda msomaji atauliza, "Basi tuache kusoma? Tufunge madarasa ya ubatizo?" Hasha. Vijana wa Busega ya Buganda walikufa kwa ajili ya jina ambalo wasingalilijua kama asingalikuwako mtu wa kuwafundisha. Balokole walichukua Biblia kila waendako. Mwenye imani asiyefundishwa hupotoshwa upesi. Leo ataitikia kila nabii apitaye na maji na mafuta ya kuuza, naye hana kipimo cha kumpima. Asiyejua njia ya kisimani hatakunywa. Lakini ajuaye njia, akaweza kuwachorea wengine ramani yake na kuhesabu hatua zake, naye hajaenda, atakufa kwa kiu pamoja na ramani yake mkononi.

Kutokana na habari hizi zote twaweza kutoa alama tatu za imani iliyo hai, si kwa kubuni, bali kwa kuwa twaziona katika watu tuliowataja. Ya kwanza, imani iliyo hai huendelea mwalimu akiondoka, kama ilivyoendelea Buganda mapadre walipokuwa hawapo. Ya pili, hugharimu kitu: ng'ombe wa kurudishwa, adui wa kupokewa, au hata uhai. Ya tatu, humsimamisha mtu peke yake saa ambayo kijiji kizima kinakwenda upande mwingine. Maarifa ya dini hayana lazima ya kufanya hata moja katika hayo matatu, nayo yabaki kuwa maarifa mazuri.

Mkoa wa Simiyu ulianzishwa mwaka 2012, na Bariadi ndiyo makao yake makuu. Katika mji huo na vijiji vyake leo makanisa ni mengi, na mtoto asiyewahi kusikia habari za Injili ni wa kutafutwa kwa taa. Kwa hiyo kazi ya wale waliofika Nassa zamani, ya kuwafanya watu wajue, imefanikiwa sana. Kazi iliyobaki ni ile ambayo hakuna misioni wala shule iwezayo kuifanya kwa niaba ya mtu. Katika kijiji fulani cha mkoa huo, usiku huu, yuko bibi mzee mwenye macho mekundu, na yuko jirani yake aliyehitimu mafundisho yote ya dini. Jina la bibi likianza kunong'onwa, jirani atafanya nini? Hapo ndipo itakapojulikana kama yeye ni msomaji tu, au ni mwamini.